Aliyetoa ini naye ni mgonjwa: mwongozo kamili wa mirija ya nyongo inayovuja au kubana baada ya upasuaji

Mtu wa Malindi au Lamu akihitaji kupandikizwa ini, mara nyingi safari huishia India. Ukoo mzima huhangaika: mchango wa pesa, pasipoti, vipimo vya damu, dua usiku na mchana. Kijana wa nyumbani au dada mtu hujitolea kipande cha ini lake, upasuaji hufanyika, watu hurudi. Tangu hapo maswali yote humwendea aliyepokea. Amekula? Amemeza dawa? Aliyetoa huulizwa hali mara moja, akijibu "alhamdulillahi" basi yamekwisha. Na ilhali yeye ndiye aliyeingia hospitali akiwa mzima, akatoka na mshono tumboni na mirija ya nyongo ambayo inaweza kumtaabisha wiki nyingi baadaye, akiwa kwake Barani au Mtangani.

Mwongozo huu nimemwandikia yeye, na wale wanaoishi naye. Jambo la kushika kuliko yote ni hili: homa ya mtu aliyetoa ini isiitwe malaria ikaachwa hapo. Nyongo nayo itazamwe.

Kilichokatwa ni nini

Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Nyongo hiyo hukusanywa na mirija midogo sana iliyotapakaa ndani ya ini kama matawi ya mti, ikaungana kuwa mrija wa kulia na mrija wa kushoto, kisha hiyo miwili ikawa mmoja unaoshuka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Pembeni kuna kifuko cha nyongo, ambacho kwa kawaida huondolewa mtu anapotoa upande wa kulia wa ini.

Anayemtolea mtoto mdogo hukatwa kipande cha kushoto, karibu sehemu moja ya tano ya ini lake. Anayemtolea mtu mzima mara nyingi hutoa upande wa kulia, ambao ni karibu asilimia 60. Ini hukua tena kwa kasi, na sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea katika miezi miwili ya kwanza. Mirija haina bahati hiyo. Mrija uliokatwa hufungwa kwa uzi au klipu, na uso mzima wa ini uliokatwa una vijirija visivyoonekana kwa macho. Hapo ndipo panapovuja.

Taabu ni za namna mbili, na matibabu yake hayafanani. Ya kwanza ni kuvuja: nyongo inatoka kwenye uso uliokatwa au kwenye kisiki cha mrija na kumwagika tumboni. Hii hujitokeza mapema, nyingi ndani ya mwezi wa kwanza. Ya pili ni kubana: mrija uliobaki unafanya kovu na kuwa mwembamba, kwa sababu ulikatwa karibu mno, au ulikosa damu ya kutosha, au uliungua kwa vifaa vya umeme vya upasuaji. Kubana huchukua wiki, miezi, hata miaka kujionyesha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao A2ALL, karibu watoaji 4 kati ya 10 walipata tatizo la namna moja au nyingine, mengi yakiwa madogo, na karibu 9 katika kila 100 walivuja nyongo. Kubana ni nadra zaidi. Kifo cha mtoaji ni nadra, lakini kipo, na familia ina haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kisu: maswali ya kuuliza

Watu wengi wana mirija isiyofuata ramani ya vitabuni. Kwa wengine, mrija mmoja wa upande wa kulia humwaga nyongo kwenye mrija wa kushoto, na daktari asiyejua hilo anaweza kuukata mrija unaolihudumia ini litakalobaki. Ndiyo maana mtoaji hupigwa picha ya MRCP, yaani MRI inayoonyesha mirija ya nyongo. Muulize daktari wa upasuaji, bila haya: mirija yangu imekaaje? Upande wangu wa kulia una mrija mmoja au zaidi? Je, mtapiga picha ya mirija kwa dawa ya rangi nikiwa mezani, kabla ya kukata? Mkimaliza mtajaribu kuona kama panavuja kabla ya kushona tumbo?

Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Kisha uliza lile ambalo familia nyingi husahau: nikivuja baada ya kurudi Kenya, nimpigie nani, na gharama ni ya nani? Katika makubaliano ya bei, matibabu ya mtoaji akipata tatizo yaandikwe kwa jina lake. Usikubali maneno ya mdomo. Na usikate tiketi ya kurudi mapema kwa sababu pesa za hoteli zinaisha. Kukaa karibu na hospitali mpaka mpira wa kutolea maji tumboni utolewe, vipimo vya damu vitulie na ultrasaundi ya mwisho iwe safi ni nafuu kuliko kuvuja ukiwa Kizingitini, kisiwani Pate.

Siku za mwanzo: mpira na mfuko

Baada ya upasuaji, watoaji wengi huachiwa mpira unaotoka tumboni ukaingia kwenye mfuko. Wengine huruhusiwa kutoka wodini nao ungali umeingia. Mpira huo ndio jicho la kwanza la kuonea uvujaji, na mtu wa nyumbani anaweza kuusoma vizuri akifundishwa.

Mwanzoni maji yake huwa mekundu-mekundu, kisha huwa ya njano nyepesi inayopitisha mwanga. Hiyo ni kawaida. Nyongo ni nzito kidogo, njano iliyokolea kama manjano ya bizari, au kahawia, au kijani, na huacha doa kwenye kitambaa cheupe. Mimina maji ya mfuko kwenye kikombe cha vipimo kila siku saa ile ile, andika mililita na rangi kwenye daftari, na upige picha kwa mwanga wa jua, siyo wa taa. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Mfuko ukae chini ya kiuno. Anayevaa kikoi au leso aangalie fundo lisije likaukunja mpira, kwa sababu mpira uliokunjika hutoa maji kidogo na mtu akadhani amepona.

"Mama, leo imekuwa kijani."

"Usiimwage, mwanangu. Lete simu kwanza tuipige picha, tuwatumie."

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hospitalini, madaktari hupima bilirubini, yaani rangi ya njano iliyomo kwenye nyongo, katika maji ya mpira na kuilinganisha na ya damu. Kuanzia siku ya tatu baada ya upasuaji, bilirubini ya mpira ikiwa mara tatu ya ile ya damu au zaidi, hiyo huhesabiwa kuwa nyongo inavuja. Hata mpira ukitolewa Alhamisi na homa ikaanza Jumamosi, mwambie daktari tarehe hizo zote mbili. Mpira ukichomoka wenyewe usiurudishe ndani. Funika pale kwa bendeji safi, uende hospitali.

Umesharudi nyumbani: dalili za kukimbilia

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayevuja anaweza kuwa na maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, hasa upande wa kulia juu. Maumivu yanaweza kuruka hadi kwenye ncha ya bega la kulia, mtu akadhani amelalia vibaya, kumbe ni nyongo inayochoma chini ya kiwambo cha kupumulia. Kwikwi isiyoisha, tumbo kujaa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, moyo kwenda mbio, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi. Mshono ukitoa maji ya kijani au ya njano nzito, hakuna cha kujadili.

Macho meupe hayathibitishi kwamba nyongo haivuji. Anayevuja anaweza asiwe na umanjano wowote, kwa sababu nyongo inapita. Inapita tu mahali pasipotakiwa. Umanjano wa macho ni dalili zaidi ya mrija uliobana. Hapo utaona pia mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo kilichopauka, na kuwashwa mwili mzima kunakozidi usiku bila upele. Homa, umanjano na maumivu ya tumbo vikija pamoja, mara nyingi maana yake mirija imeingiwa na bakteria. Mtu wa hali hiyo hawezi kungoja asubuhi.

Sasa suala la malaria. Pwani yetu ina malaria kweli, na mhudumu wa zahanati akiona homa na baridi ana sababu ya kufikiria hivyo kwanza. Apime. Lakini kipimo cha kidole kikionyesha malaria, bado hakijasema lolote kuhusu nyongo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Na kikionyesha hakuna, asipewe sindano za siku tatu kutoka duka la dawa akarudishwa nyumbani. Homa inaweza kushuka kwa muda huku dimbwi la nyongo tumboni likigeuka usaha.

Wahudumu wengi hawajawahi kumwona mtu aliyetoa ini, na hawana kosa. Kwa hiyo mtoaji abebe karatasi hii, au aihifadhi kwenye simu, aonyeshe hata kabla hajaulizwa:

*"Nilitoa upande wa ____ wa ini langu tarehe ____. Nina ____ tangu ____. Pamoja na kipimo cha malaria, naomba hesabu kamili ya damu, bilirubini, ALP, GGT, ALT, AST na INR, na ultrasaundi ya tumbo ya kutafuta maji yaliyokusanyika karibu na ini na mirija iliyopanuka. Timu iliyonipasua inapatikana kwa nambari ____."*

ALP, GGT, ALT na AST ni vipimo vya damu vya ini na mirija yake, na INR huonyesha damu inavyoganda. Vipimo vingi kati ya hivyo ni vya kawaida, na ultrasaundi ndiyo picha ya kuanzia kwa sababu haina mionzi na hupatikana kwa urahisi. Lakini hewa ya tumboni huificha sehemu, na dimbwi dogo linaweza kumpita mpimaji. Ultrasaundi ikiwa safi na mtu bado anaumwa, hatua inayofuata ni CT skani, au MRCP ikishukiwa kubana.

Kusafirishwa kutoka visiwani

Aliye Lamu mjini aanzie Hospitali ya King Fahd. Aliye Malindi aanzie hospitali ya serikali ya hapo hapo. Lengo la kituo cha kwanza ni kumtuliza mgonjwa: maji ya mshipa, antibiotiki ya mshipa, dawa ya maumivu, damu ichukuliwe. Mtu mwenye homa kali na presha iliyoshuka asipakiwe kwenye gari au mashua kabla ya hayo kuanza.

Kisha njia. Kutoka Faza, Siyu au Pate kuna bahari kwanza, na maji yakitoka, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, chombo kinalazimika kuzunguka nje, ambako wakati wa kusi hapachezewi. Kutoka Lamu kuna boti hadi Mokowe halafu barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi na Mombasa, barabara ambayo si ya kuanza usiku. Au ndege kutoka Manda, na hizo ni za mchana. Dalili zilizoanza alasiri zikisubiriwa mpaka Isha, tayari umepoteza usiku mzima. Mtoaji anayeishi visiwani na aamue mapema: nani mwenye boti, nani wa kufuatana naye, na pesa ya nauli iko mkononi mwa nani. Kwa miezi mitatu ya kwanza, ningemshauri akae Malindi au Mombasa kwa jamaa ikiwezekana.

Hospitali ya rufaa ni ile yenye mtu wa kufanya ERCP, yaani kutibu mirija ya nyongo kwa kamera inayopitishwa mdomoni, na mtu wa kutia mipira kwa kuongozwa na picha. Huduma hizo ziko Nairobi. Kwa Mombasa, daktari wako apige simu kuuliza kama mtaalamu yupo wiki hiyo kabla hujaondoka, kwa sababu mashine bila mtu haitibu.

Kuvuja kunavyotibiwa

Matibabu hupanda ngazi, na wengi hawafiki juu.

Mpira ukiwa bado umo, nyongo inatoka kidogo, mtu hana homa wala maumivu: huachwa na mpira wake, hupimwa, hungojwa. Uvujaji mwingi wa uso wa ini hukauka wenyewe kwa siku au wiki. Kungoja huku ni tiba; familia isilalamike kwamba daktari hafanyi kitu.

Nyongo ikiwa imekusanyika na hakuna mpira, daktari huchoma sindano kwenye ngozi akifuata picha ya ultrasaundi au CT, akaacha mpira mpya wa kuinyonya. Ganzi ni ya mahali pale tu. Antibiotiki huambatana, hasa kukiwa na homa.

Ikiendelea kutoka nyingi, huja ERCP. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kamera ndefu inayopinda hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo, pale mrija wa nyongo unapofungukia. Dawa ya rangi huingizwa, picha hupigwa, mahali panapovuja huonekana. Kisha mlango wa mrija hukatwa kidogo na kijirija cha plastiki kiitwacho stenti huwekwa ndani. Hakizibi tundu, kinaipa nyongo njia rahisi ya kushuka utumboni, shinikizo linapungua, tundu linajifunga. Stenti hutolewa baada ya wiki kadhaa. Hatari kubwa ya ERCP ni uvimbe wa kongosho, unaowapata takriban watu 3 hadi 10 kati ya 100: maumivu makali ya katikati ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni, ndani ya saa 24. Asiondoke mjini siku hiyo hiyo.

ERCP ina mahali haifiki. Kama kijirija kinachovuja kimetengwa kabisa na mti mkubwa, stenti haitakisaidia. Picha ikionyesha hivyo, daktari hutumia mpira wa nje kwa muda mrefu, au njia nyingine ya kukiziba, au upasuaji.

Kufunguliwa tumbo tena ni kwa yule ambaye nyongo imetapakaa tumbo zima, tumbo limekuwa gumu, hali inaporomoka, au mrija mkubwa umefunguka. Huoshwa, tundu hufungwa, mipira huwekwa.

Mrija uliobana

Hapa haraka ni ya namna nyingine. Kukiwa na maambukizi, nyongo inahitaji kufunguliwa njia upesi. Bila maambukizi, kuna muda wa kupanga vizuri, na ni bora kwenda mahali penye uzoefu kuliko mahali pa karibu.

ALP na GGT hupanda kwanza, mara nyingi kabla macho hayajabadilika. MRCP huonyesha palipobana. Kisha ERCP: kibaluni hupanuliwa ndani ya kovu, stenti huwekwa, na kila baada ya miezi mitatu hivi hubadilishwa, wakati mwingine kwa kuongeza stenti ya pili au ya tatu, kwa muda unaoweza kufika mwaka. Ni kazi ya subira na nauli. Kwa mtoaji wa upande wa kulia, ini la kushoto likikua huzunguka kidogo na kuupinda mrija, kwa hiyo kamera inaweza kushindwa kupita. Hapo huingiwa kutoka juu: sindano kupitia ngozi ya ubavu hadi ndani ya mirija ya ini, waya, kibaluni, mpira.

Vyote vikishindwa, daktari wa upasuaji huunganisha sehemu ya mrija yenye afya iliyo juu ya kovu moja kwa moja na kitanzi cha utumbo mwembamba. Ni upasuaji mkubwa, lakini kwa mtu ambaye ini lililobaki lina afya, matokeo yake kwa mikono yenye uzoefu ni mazuri na ya kudumu.

Mrija ukikaa umebana muda mrefu, mwili haunyonyi vitamini K, damu huchelewa kuganda. Ndiyo sababu INR imo kwenye ile karatasi. Ipimwe kabla mtu hajachomwa sindano yoyote ya ini.

Chakula, dawa, kazi

Kula kidogo mara nyingi: samaki, mayai, kunde, maharage. Mchuzi wa nazi haukatazwi kwa kila mtu. Ukikuletea kichefuchefu, upunguze. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo alichoandika daktari wako, ambacho baada ya upasuaji wa ini mara nyingi huwa chini ya kile cha watu wengine. Brufen na diklofenaki usimeze bila kumuuliza yeye. Dawa za mitishamba za kusafisha ini, hata zikitoka kwa mtu unayemheshimu, ziache. Miraa na muguka pia; kuna wagonjwa waliowahi kuumia ini kwa miraa, na wewe unakuza ini jipya. Pombe usiiguse mpaka daktari aseme. Ramadhani ikikukuta ungali na mpira au stenti yenye matatizo, mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine. Kuvuta nyavu, kubeba madumu ya maji, kupakua boriti: si kabla ya miezi miwili, na kwa ruhusa.

Kufuatiliwa

Mwenye stenti aandike tarehe ya kuitoa mahali pasipopotea, na mtu wa pili nyumbani aijue. Stenti ya plastiki iliyosahauliwa huziba, ikaleta maambukizi mabaya kuliko uvujaji wenyewe.

Nchini Marekani vituo hutakiwa kufuatilia watoaji ini kwenye miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Kwetu hakuna atakayekupigia simu, kwa hiyo jipangie ratiba hiyo mwenyewe, ukianza mapema zaidi, mwezi wa kwanza na wa tatu, kisha mara moja kila mwaka. Maabara nyingi zikiambiwa "pima ini" hutoa ALT na AST pekee. Taja ALP na GGT kwa majina. Kabla ya ugonjwa, uliza ofisi ya SHA, bima ya afya ya serikali, ni kiasi gani wanachogharamia cha ERCP na kulazwa, ili usijue ukiwa kaunta. Picha za MRCP za kabla ya upasuaji, ripoti ya upasuaji na ramani ya mirija yako zikae kwenye bahasha moja, na nakala yake kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu daktari wa Nairobi atakayekutia kamera usiku wa manane ataanza kwa kuuliza hizo.